Figo Ulizokula Leo Mchana

Aika mwanangu,

Salamu sikupi, maana bado tunalala nyumba moja na kikohozi changu unakisikia kila siku. Niingie moja kwa moja. Leo mchana umekula figo mbili za mbuzi. Ya kwanza tonge, ya pili tonge, ukapangusa mikono kwenye gauni, ukauliza kama zimebaki nyingine. Halafu ukaenda kupanga tranka lako. Sisi tukabaki tunatazamana kama watu walioibiwa viatu kanisani. Hukutuona, ulikuwa na haraka zako.

Hukujua ulichokula. Mtoto yeyote wa ukoo huu mwenye umri wako angejua, hata wale wa Dar wanaopanda huku Krismasi tu na kuogopa choo cha nje. Wewe hujui kwa sababu kila mbuzi alipochinjwa hapa nyumbani, ukiacha yule wa Krismasi, mimi nilikuwa nimekufungia chumbani na vitabu, au nimekupeleka tuisheni. Ninataka ujue kabla hujapanda basi kesho. Mama yako amekupeleka kumuaga bibi yako wa upande wake, jua bado lipo juu ya migomba, nami nimekaa mezani na kalamu, mimi ambaye mkono wangu umezoea kisu. Ukikuta mahali huelewi, paache. Utapasoma tena ukikua.

Mambo ya soksi, ya dawa ya meno na ya kutoazimisha ndoo yako, mama yako amekuimbia wiki nzima. Sirudii hata moja. Mimi nitakuambia habari za kaka yako.

Tangu Krismasi Godi hajakuita jina lako. Anakuita mgeni. "Mwambieni mgeni chai iko tayari." "Mgeni anataka taa." Mwanzo ulicheka ukidhani ni utani, kisha ukaacha kucheka. Juzi nilikuona ukimfuata bandani, ukarudi peke yako macho mekundu, ukasema ni moshi. Moshi gani bandani kwa ng'ombe? Basi hofu yangu ni hiyo, mwanangu. Masomo yako siyahofii hata kidogo. Ninahofia usije ukatoka kesho kwenye nyumba hii kama mtu aliyekuwa amefikia tu. Wako watu wa namna hiyo hapa Masama, unawajua. Wanasoma, wanafika mbali, na wakija kwao wanaletewa kiti na soda, wanakaa ukingoni mwa kiti kwa saa moja, wanaaga. Wazazi wao wanawasindikiza hadi barabarani wakishukuru kutembelewa. Sitaki kukushukuru kwa kunitembelea.

Na jambo hili nimelifanya mimi, si wewe wala Godi. Nikueleze lilivyokuja.

Ulikuwa darasa la tatu mwalimu mkuu alipokuja hapa kwa miguu. Alikataa chai, nikajua lina uzito. Akasema, "Baba Godi, huyu mtoto ana kipaji. Anamaliza kazi kabla sijamaliza kuandika ubaoni, halafu anakaa kusumbua wenzake. Tumrushe, aingie la tano." Darasa la tano lilikuwa mkondo mmoja, na Godi alikuwa humo. Mama yako aliuliza neno moja tu, "Na Godi je?" Nikamjibu haraka kama mtu anayefukuza kuku, "Godi afanyeje? Si afurahi, ni mdogo wake." Mwalimu akacheka, nami nikacheka. Mama yako akaenda kuchota maji na mapipa yote yalikuwa yamejaa.

Sikumuuliza Godi. Wala wewe sikukuuliza. Nilikuwa na haraka, na haraka yenyewe ilikuwa ya miaka mingi. Mimi nilipomaliza la saba nilisimama nyuma ya ofisi ya shule wakati majina ya waliochaguliwa yanasomwa. Yakasomwa hadi yakaisha. Nikarudi nyumbani nikalisha ng'ombe, hakuna aliyenigombeza, hata babu yako. Lakini sikulisahau. Mwalimu alipotamka neno kipaji, aliyechaguliwa siku ile ni mimi. Wewe ulikuwa mlangoni unakula ndizi mbivu na mguu mmoja una kiatu.

Wakakukalisha dawati moja na kaka yako kwa sababu uliwaogopa wakubwa. Miguu yako haikufika chini. Wiki za kwanza Godi alikulinda vizuri mno, akampiga kijana mmoja aliyekuita kinda, ukaja kunisimulia mbio mbio. Kisha kikaja kile kipimo cha kwanza. Mwalimu alisoma majina kuanzia juu, lako likawa la kwanza, na Godi akakaa pale pale ubavuni mwako akisubiri lake hadi darasa likaanza kuchoka kusikiliza. Jioni ile ulirudi peke yako kwa njia kubwa. Yeye alipita kule juu kwenye mfereji, mfongo wetu, akafika giza linaingia.

Mtu mwenye akili angestuka hapo. Mimi nilizidisha. Kila mgeni aliyekuja nilikutoa mchezoni. "Aika, njoo! Kumi na saba mara ishirini na nne!" Nawe unakuja unahema, mpira wa soksi mkononi, "Mia nne na nane." Watu wanapiga makofi, wananipa mkono mimi. Siku moja ulirudi uwanjani ukakuta wenzako wameshagawana timu upya na hakuna aliyekuita. Nilikuona umesimama pembeni unachora chini kwa kidole cha mguu. Nikadhani unapiga hesabu. Mae! Ndiye baba yako huyu.

Nikakutoa kwenye kukata majani ya ng'ombe. Nikakutoa kwenye vyombo. Siku ya kusafisha mfongo, kila nyumba inapotoa mtu na jembe lake, nilimtoa Godi, hata alipokuwa na homa. "Aika anasoma." Asubuhi Aika anasoma, jioni Aika anasoma, nadhani hata ng'ombe walikuwa wanajua. Na watu walipoendelea kuniita Baba Godi kama walivyoniita tangu alipozaliwa, nilianza kuwasahihisha. Ndiyo, mimi. Pale sokoni, mbele ya Godi aliyebeba mkungu kichwani, nilimwambia mtu, "Siku hizi niite Baba Aika." Yule mtu alinitazama, akamtazama mtoto, akasema haya. Tulitembea hadi nyumbani Godi akiwa mbele yangu na ule mkungu, hakugeuka hata mara moja.

Sasa lile la darasa la sita, ambalo sisi wawili hatujawahi kulizungumza. Ulirudi na karatasi ya mtihani alama zimeanguka vibaya, na Godi amekupita. Nikakusimamisha jikoni. Nikakugombeza hadi mate yakanikauka. Ukalia ukasema, "Baba, majibu nilikuwa nayajua. Nilitaka Godi naye apigiwe makofi."

Nikiwa mzee kama babu yako bado nitakuwa nalikumbuka. Katika nyumba hii hajatokea mtu aliyefanya jambo la upendo kama lile. Nilipaswa kukubeba begani nikuzungushe kihamba kizima, shamba letu lote hili. Badala yake nilisema, "Usijirudishe nyuma kwa ajili ya mtu ambaye hata ukimsubiri hafiki."

Nyuma ya ukuta ule Godi alikuwa anakatakata mgomba wa ng'ombe. Panga likanyamaza. Halafu likaendelea. Nilijua amesikia. Nikatoka kwa mlango wa mbele ili nisipite bandani.

Ulimfuata ukamweleza, naye akakukaripia. Najua alichokuambia, kwa sababu alipiga kelele: "Usinigawie alama zako, mimi si ombaomba!" Ulidhani anakuchukia. Aika, alikuwa na haki ya kukasirika. Wewe ulitaka kumpa kitu, nami nilikuwa nimeshamfanya aonekane mtu wa kupewa. Hakuna anayeweza kupokea akiwa ameshushwa hivyo. Hilo nililijua baadaye, na sikulijua kwa akili zangu.

Basi tukafika Krismasi. Majina yalikuwa yametoka, wewe umechaguliwa kwenda shule ya vipaji maalumu, safari ya basi kutwa nzima, na Godi amepangiwa shule ya kata hapo chini. Ukoo wote ulikuwa umepanda kutoka Dar, Arusha na kila mahali ambapo Mchagga anaweza kufungua duka. Nikachinja mbuzi.

Kazi yangu katika ukoo unaijua, ingawa kabla ya siku ile hukuwahi kuiona ikifanyika. Mimi ndiye ninayegawa nyama. Babu yako alinifundisha, naye alifundishwa. Kwetu mbuzi hagawiwi kwa ukubwa wa tumbo la mtu. Kila kipande kina mwenyewe. Ukoo mwingine wana mgawo wao, kule ng'ambo ya korongo wanatucheka, lakini wetu ndio huu: kidari ni cha babu, bega la kulia ni la mzaliwa wa kwanza, na kadhalika hadi utumbo. Mtu akipokea kipande chake mbele ya watu, amejua yeye ni nani na amekaa wapi. Miaka yote hiyo sijawahi kukosea. Wananiita hata kwenye misiba mikubwa.

Siku ile nikalinyanyua bega la kulia juu, mikono miwili, nikasema, "Hili leo ni la Aika. Mzaliwa wa kwanza leo ni huyu."

Wa Dar walipiga makofi, wengine walipiga picha. Wazee hawakupiga. Babu yako alichukua kidari chake akakirudisha juu ya majani ya mgomba, akaniambia kwa Kichagga, pole pole, "Umekosea mgawo." Nami nikamjibu baba yangu mzazi mbele za watu, "Sijakosea, baba. Dunia imebadilika." Wewe ulikuwa umekumbatia lile bega limekulemea, mafuta yanakuchuruzikia kwenye gauni jipya, unamtafuta Godi kwa macho. Godi alikuwa ameshatoka nje. Kipande kimoja tu kilichobaki chake, zile figo, kilipoa juu ya jani hadi mama yako alipokiondoa. Habari ya figo nitaifikia.

Jioni ile ndipo alipokuita mgeni kwa mara ya kwanza.

Mwaka mpya kukawa na mbuzi kwa binamu yangu. Hawakunitukana, wala hawakunisema. Walimwita mtu mwingine agawe. Nilikaa nikala kipande changu. Kesho yake nikakata jani la isale pale mpakani, nikampelekea babu yako, kama tunavyofanya mtu akiomba radhi kwa kweli. Akalipokea kwa mikono miwili. Halafu akauliza, "Hili ni langu. La Godi liko wapi?"

Nilicheka kidogo, nikidhani ananitania. Baba apeleke isale kwa mtoto wake wa kumzaa, tena wa miaka kumi na minne? Sijawahi kuona. Babu hakucheka. Nililala na jambo hilo siku kadhaa, nakwambia ukweli, aibu ilinishika kweli kweli. Kisha asubuhi moja nikakata jani la pili nikaenda nalo bandani. Godi alikuwa anakamua. Nikasimama pale nimelishika kama bwana harusi aliyepotea njia. Nikamwambia, "Godi mwanangu, nilisema hufiki. Nilikunyang'anya bega lako mbele ya watu. Nimekukosea sana." Aliendelea kukamua hadi chuchu ikakauka. Akasema, "Litundike juu, baba. Hapo ng'ombe atalila."

Nikalitundika kwenye nguzo. Liko hadi leo, nenda ukaliangalie kabla hujaondoka. Nikamuuliza anataka nini. Nilidhani atasema simu. Akasema, "Nifundishe mgawo."

Ndicho tulichokuwa tunafanya jioni zote hizi ulipokuwa unajisomea chumbani. Tulikata vipande vya mgomba tukavipanga chini kama nyama, hiki kidari, hiki shingo, hiki bega, yeye anagawa nami nauliza, hii ya nani, kwa nini. Siku moja alimpa mama yako sehemu ya shangazi, nikamwambia umeanzisha vita, akacheka hadi akakaa chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Krismasi. Nilifurahi, Aika, nikageuka pembeni nisionekane.

Na usidhani sasa nataka kukuambia kwamba Godi naye ana kipaji chake. Neno hilo nimelichoka. Nimewapima ninyi wawili kwa neno hilo kwa miaka, na kila nilipopima mmoja wenu aliumia, wakati mwingine wote wawili. Godi ni mtoto wangu, basi. Wewe ni mtoto wangu, basi. Ungekuwa hujui kumi na saba mara ishirini na nne bado ungekuwa Aika, na kama sikuwahi kukufanya ulijue hilo, lijue leo.

Huko uendako kila mmoja alikuwa wa kwanza alikotoka. Kuna asubuhi jina lako litasomwa katikati, au mwisho mwisho kabisa, nawe utakaa kwenye dawati ukisubiri kama Godi alivyosubiri. Utaumia. Siku hiyo usiniogope. Nikikuuliza kwenye simu umekuwa wa ngapi, na ninajijua nitauliza, niambie mtandao mbovu, ukate. Usikosee tena makusudi ili mtu mwingine apigiwe makofi. Lakini pia usipatie kwa ajili yangu. Majina ya mwaka wangu yalishasomwa zamani yakaisha, na ng'ombe walilishwa, na maisha yalikwenda.

Sasa figo.

Leo asubuhi nilipomchinja huyu mbuzi wa kukuaga, nilimpa Godi kisu. Ulikuwa unaandika majina kwenye madaftari yako, ukaja baadaye tulipokwisha kukaa, babu, mama yako, mimi na wewe. Godi akagawa. Akampa babu kidari. Akampa kila mtu chake. Lilipofika bega la kulia alilitazama kidogo, akaliweka kwenye jani lake mwenyewe. Sawa kabisa. Nikashusha pumzi. Halafu akazichukua zile figo pamoja na mafuta yake, akainama, akaziweka mbele yako.

Kwetu, mwanangu, figo ni za mtoto wa kiume wa mwisho. Ni za yule anayebaki. Mzaliwa wa kwanza hukatiwa sehemu yake akajenge kwingine, lakini kihamba hiki chenyewe, nyumba hii, migomba, kahawa, makaburi ya wazee wetu, ni vya mwenye figo. Hafukuzwi. Hata akipotea miaka ishirini, siku akirudi hapa ni kwake. Sisi mtoto wa kiume tunaye mmoja, kwa hiyo tangu akiwa mdogo Godi amekula vyote viwili, bega kwa kuzaliwa kwanza na figo kwa kuwa atabaki. Mtoto wa kike hajawahi kuwekewa figo kwenye ukoo huu. Mimi sikumfundisha hivyo. Kwenye vile vipande vya mgomba, kila jioni, figo aliziweka upande wake.

Ndiyo maana tulibaki tunatazamana. Wewe ukatia mdomoni ukasema, "Mbona tamu hivi, hakuna nyingine?" Mama yako akashika kanga yake mdomoni. Mimi nilimtazama babu yako, maana yeye ndiye anayejua mgawo kuliko sote, na kama angekirudisha kidari chake kwenye majani mara ya pili sijui tungefanyaje. Alitafuna, akameza. Akasema, "Mgawo umekaa sawa." Akaendelea kula.

Baadaye nilimfuata Godi bandani. Nikamuuliza kama anajua alichotoa. Alikuwa ananoa panga, hakuinua kichwa. Akasema, "Najua, baba. Aika asije akasema hana kwao."

Amesema Aika. Nimemsikia kwa masikio yangu haya.

Basi umekwishazila, na kilicholiwa mbele ya babu hakirudi kwenye jani. Kesho mama yako atakupeleka hadi shuleni, na tranka lako Godi amesema atalibeba yeye hadi stendi, nisiliguse. Likizo ya Juni ukirudi usije ukapiga hodi mlango wa mbele, na kiti hakuna atakayekuletea. Pita nyuma, bandani. Godi atakuwa huko, na mundu wako wa kukatia majani umetundikwa chini ya lile isale. Ng'ombe watakuwa hawajala.

Mimi baba yako,
Baba Godi